Kesi Yangu na Nukta Mkato

Watani wetu husema Mpare akikosa kesi anaugua. Sibishi, kwa sababu nikibisha itakuwa kesi na nitakuwa nimewapa ushahidi bure, na bure sitoi. Nasema hivi tu: mwezi wa tatu huu nimekaa na laptopu nyuma ya kaunta ya mgahawa wangu hapa Hedaru, najifunza kutengeneza tovuti, na tangu nizaliwe sijakutana na mpinzani wa namna hii. Ukikosea, kimya. Ukirudia kosa, kimya. Ukipiga meza mpaka chumvi inamwagika, anakuonyesha ukurasa mweupe na kutulia, kama mtu aliyekuja kudai deni lake ila anasubiri uanze wewe.

Chanzo ni pesa, maana kwetu hakuna jambo lenye chanzo kingine. Mgahawa uko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha. Zamani basi likisimama hapa abiria walishuka, wakanyoosha miguu, wakala. Siku hizi mabasi yanapita kama yameibwa. Likisimama ni kushusha gunia, na konda anapiga bodi kabla gunia halijagusa ardhi. Mama watoto akasema watu wa sasa hawatafuti chakula kwa pua, wanakitafuta kwa simu, kwa hiyo tunahitaji tovuti. Tukamwita kijana mmoja anayezifanya hizo. Akataja laki nne.

Nikamuuliza nitapata nini. "Kurasa tatu, mzee."

Kurasa tatu! Kaunta buku ya kwaya tatu naipata dukani kwa bei ya sahani mbili za makande, ina kurasa zaidi ya mia mbili na mistari imeshapigwa. Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha nne. Akaniinamia sikioni: "Mjomba, usimpe. HTML unaiandika kwenye Notepad, imo humo humo kwenye kompyuta, wala hulipii." Neno hilo "hulipii" lilinishuka moyoni kama uji wa moto asubuhi ya baridi kule Vunta milimani. Kijana akapewa chai, akaondoka.

Somo la kwanza lilikuwa historia, maana binti anapenda kuonyesha kwamba anajua. Kumbe lugha hii ilianzishwa na Mwingereza, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN kule Geneva. Wanafizikia walikuwa wengi, karatasi zao ziko kwenye kompyuta tofauti tofauti, hakuna anayeona ya mwenzake. Mwaka 1989 akaandika pendekezo, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikawa hewani. Kazi yenyewe haina uchawi. Unaandika maneno yako, kisha unayazungushia alama kwenye mabano yenye ncha: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Karibu kila alama unayoifungua unaifunga kwa ndugu yake mwenye mkwaju. Hili mama yangu alishanifundisha kwa fimbo, juu ya mlango wa banda la mbuzi.

Nikaandika kichwa: Karibu Mgahawani. Chini yake aya kuhusu makande, aya kuhusu ndizi, aya kuhusu choo kisafi. Nikahifadhi kwa jina index.html kama nilivyoelekezwa, nikabofya. Ikafunguka na mabano yake yote, kama nguo iliyovaliwa nje ndani. Siku mbili. Siku mbili nahifadhi upya, nawasha upya, nazima upya. Binti aliporudi kutoka Same akatazama mara moja: "Mjomba, faili lako linaitwa index.html.txt." Windows ilikuwa imebandika hiyo txt mwishoni, halafu ikaificha nisiione. Haya, mtu akibandika jina lake kwenye shamba langu halafu akalificha, kwetu tunajua pa kumpeleka. Huyu nitampeleka wapi?

Tukaendelea. Safari hii kichwa kikatoka kikubwa, cheusi, kizuri. Kilichofuata nacho kikatoka kikubwa na cheusi. Na kilichofuata. Choo kisafi kikaandikwa kwa herufi za kutisha kuliko jina la mgahawa, ukurasa mzima unapiga kelele kama stendi. Nilikuwa sijafunga kichwa. Nikauliza: sasa kwa nini hakusema? Fundi cherehani ukimpa kitambaa kifupi anasema. Hata pikipiki ikiishiwa mafuta inakohoa kwanza. Binti akanieleza kwamba brauza, au kivinjari kama wanavyopenda wasomi, imeumbwa kusamehe. Ikikuta umesahau kufunga, inakisia ulitaka nini, inaendelea na safari. HTML ya tano, iliyopitishwa rasmi mwaka 2014, ina kanuni ndefu zinazoelekeza brauza zote jinsi ya kutengeneza makosa ya mwandishi bila kumwambia.

Bila kumwambia! Sasa huo msamaha ni wa namna gani? Msamaha wa kwetu una kikao. Wazee wanakaa, unatajiwa kosa lako moja baada ya jingine mbele ya shemeji zako, unalipa, ndipo unasamehewa. Huyu anakusamehe gizani halafu anakuaibisha mchana.

Basi HTML, pamoja na kiburi chake, niliizoea. Shida kubwa ni nduguye, CSS. Kazi yake ni urembo: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi, nini kikae kushoto na nini kulia. Ilipendekezwa mwaka 1994 na Mnorwe mmoja, Håkon Wium Lie, ambaye naye alikuwa CERN. Miaka miwili baadaye ikawa rasmi. Unaandika faili la pembeni, unasema kichwa kiwe rangi hii, aya iwe ukubwa ule.

Nikaandika colour. Yaani rangi, kwa Kiingereza tulichochapiwa viboko darasa la sita, chenye u katikati. Nikaandika na jina la rangi mbele yake. Sikuona kitu. Nikaongeza mwanga wa skrini, sikuona kitu. Usiku wa kwanza nikalala. Usiku wa pili mama watoto akalala, mimi nikabaki. Asubuhi binti akafuta herufi moja, ile u, na ukurasa ukapata rangi palepale mbele ya macho yangu. Wanataka color, ya Kimarekani. Sasa mnisaidie. Mwenye tovuti Mwingereza, mwenye urembo Mnorwe, wote kazi yao Uswisi, na u yangu ameila Mmarekani. Nikidai naidai nchi gani?

Halafu kuna nukta mkato. Kila sharti unaloandika kwenye CSS likifuatwa na jingine lazima limalizike nayo, kanukta juu na kakoma chini, alama ambayo tangu nimalize shule sijamwona mtu akiitumia kwa hiari. Ukiisahau, brauza inalichukua sharti lako pamoja na linalofuata, inayaona kama sentensi moja isiyoeleweka, inayatupa yote mawili. Hapo sasa umekosea moja, umeadhibiwa mawili. Nilisahau moja baada ya rangi ya kichwa, kikapoteza rangi na kikapoteza na nafasi ya kukaa katikati. Nikakaa saa nzima natafuta kosa kwenye sharti la pili, lililokuwa halina kosa lolote, maskini, limeponzwa na jirani. Nimeona familia zikivunjika hivyo.

Herufi C ya kwanza ya CSS, binti alinieleza, ni ya mteremko, kama maji yanavyoshuka kwenye mawe. Nikafurahi. Nikasema hapa sasa wameingia kwetu. Huko juu milimani babu zetu walichimba ndiva, mabwawa ya kuhifadhi maji ya vijito. Maji yanakusanyika usiku, asubuhi ndiva inafunguliwa, yanashuka kwenye mifereji shamba kwa shamba, kwa zamu, na kila zamu ina mwenyewe na kila mwenyewe ana kesi. Wa juu anapata kwanza. Wa chini anapata kilichobaki pamoja na ahadi. Sisi wa Hedaru huku bondeni, kwenye joto na mikonge, tunaijua sheria hiyo kwa vumbi lake.

Nikaandika kwa sheria hiyo hiyo. Juu kabisa ya faili: aya ziwe nyeusi. Chini kabisa kulikuwa na mstari niliounakili mahali nikausahau: aya ziwe za kijivu. Zikatoka za kijivu, hazisomeki juani. Kumbe kwenye CSS masharti mawili yenye nguvu sawa yakigombana, la mwisho ndilo linashinda. Wa chini anakunywa, wa juu anatazama! Nikakaa kimya kidogo. Kwa kweli sikujua nikasirike au nihamie humo.

Furaha ilidumu mpaka kesho yake, nilipoandika sharti chini kabisa na bado likashindwa na la juu. Hapo ndipo nikaambiwa kuhusu uzito. Sharti linalotaja aina tu ya kitu, kwa mfano aya, lina pointi moja. Likitaja darasa ulilolibatiza, lina kumi. Likitaja kitambulisho chake mahususi, lina mia. Nikauliza, kwa hiyo nikirundika madarasa kumi na moja nitakuwa na mia na kumi, nitampiga mwenye kitambulisho? Binti akacheka. "Hapana mjomba. Hata yakiwa kumi na moja, mwenye kitambulisho anashinda. Zile namba ni za kukusaidia kukumbuka tu."

Namba za kukumbuka tu. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka milimani kwa maelfu hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kuipinga mbiru, kodi ya madaraja ambayo kila mtu alikadiriwa chake na mwenzake akakadiriwa chake, na hesabu yenyewe haikumridhisha mtu. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa huku huku Upare, aliuandikia mgomo ule kitabu. Wazee wale walijua kusoma daraja lililopangwa kwa hila. Wangeambiwa kumi na moja mara kumi haifikii mia, wangekuwa Same mpaka leo.

Binti akaniambia ipo dawa: ukimalizia sharti kwa alama ya mshangao na neno important, linashinda yote. Alama yenyewe inakaa kabla ya neno, kama mtu anayeshtuka kabla hajasikia habari. Nikaiweka. Ikafanya kazi. Nikaiweka na kwingine. Kufikia jioni kila sharti lilikuwa na mshangao wake, yote ni muhimu, na kwa kuwa yote ni muhimu tukarudi pale pale kwenye pointi. Binti akasema wenye kazi yao wanaiona hiyo ni tabia mbaya. Nikamwambia hata kwenye vikao vya ukoo ni hivyo hivyo, na bado watu wanaifanya.

Rangi nazo. Zaidi ya mia moja zina majina kabisa, huandiki namba. Ipo nyanya. Ipo chokoleti. Ipo ngano, ipo samoni ambaye Hedaru hatujamwona. Mimi nilitaka rangi ya vumbi letu, lile la mchana upepo ukitoka upande wa Mkomazi, kwa sababu ndilo mteja analoshuka nalo kwenye basi na nilitaka ajisikie nyumbani. Tukatafuta sana. Inayofanana nalo inaitwa Peru. Nikaambiwa ni nchi, ipo Amerika Kusini. Nimeiweka, lakini nimeiweka nikinung'unika.

Mama watoto alichagua ya kichwa. Alisimama nyuma yetu akiwa na mwiko, akaonyesha zambarau moja: "Hiyo. Ni ya kitenge changu cha harusi ya mdogo wangu." Binti akasoma jina lake, akasita. Inaitwa rebeccapurple. Akatueleza kwamba iliongezwa mwaka 2014 kwa ajili ya mtoto wa Eric Meyer, Mmarekani aliyeandika vitabu vingi vya kufundisha CSS. Binti yake Rebecca alikufa kwa saratani ya ubongo siku aliyotimiza miaka sita, na zambarau ndiyo aliyoipenda. Wenzake wa kazi wakaomba iingizwe kwenye orodha, ikakubaliwa. Mama watoto akaweka mwiko mezani. Akasema iwekwe hiyo hiyo, na tusiibadilishe. Hata mimi sikunung'unika, na nikaikagua nukta mkato yake mara mbili.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka, maana yananichefua. Kwenye simu herufi zilitoka kama sisimizi mpaka tulipoongeza mstari mmoja kichwani mwa faili unaoiambia simu kwamba wewe ni simu. Sijui yenyewe ilidhani ni nini. Picha ya makande niliyoipiga mwenyewe ilikuwa nzito kiasi kwamba bando la siku liliisha sufuria haijaonekana yote. Na tulipopandisha tovuti hewani picha ikatoweka kabisa, wakati kwenye laptopu yangu ilikuwepo. Kisa: faili linaitwa Makande kwa herufi kubwa, mimi nimeandika makande kwa herufi ndogo. Windows haijali. Kompyuta za huko tovuti zinakolala zinajali. Yaani kati ya yote niliyokosea, hapo ndipo walipoamua kuwa wakali.

Kuhusu anwani. Jina lenye co.tz mwishoni linalipiwa kila mwaka. Kila mwaka! Nikachukua la bure, linaloning'inia kwenye jina la watu wengine, refu, na vistari kati. Kisha nikaenda kwa fundi wa mabango aniandikie ukutani, wapita njia walione. Fundi anatoza elfu moja kwa herufi. Tukahesabu pamoja, yeye kwa kalamu, mimi kwa vidole: arobaini na mbili. Lile la kulipia lingekuwa kumi na tano. Nilitazama ukuta kwa muda mrefu. "Nukta sitozi, mzee," akasema kunifariji, na ni kweli hakutoza.

Tovuti iko hewani wiki ya tatu sasa. Wageni walioletwa nayo sijawaona, isipokuwa mmoja.

Alikuja Jumapili jioni, mzee wa kanisa, amevaa koti kwenye joto hili. Wasiotujua nawafahamisha: Wasabato walifika Upare mwaka 1903, walianzia huko milimani, na Upare kusini Jumamosi si siku ya kuchezea. Mgahawa wangu hufungwa Ijumaa jua likizama. Tukasalimiana, nikampa kiti, akakataa chai, nikajua kuna jambo. Akatoa simu, akaisogeza mbali na macho kama anapima cherehani, akasoma kwa sauti: "Tunahudumu siku zote saba, saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku." Akaniangalia. "Siku saba, ndugu yangu. Naomba unihesabie."

Lo. Ule mstari niliuiga kwa mgahawa mmoja wa mjini, pamoja na masharti yake ya kijivu. Nikamwambia mzee, ni bahati mbaya, na bahati nzuri niliugundua jana usiku Sabato ilipokwisha, nikaufuta. Haupo.

"Haupo?" Akanipa simu. Upo.

Nikakimbilia laptopu, nikamfungulia ukurasa: Jumapili hadi Ijumaa, wazi kabisa, kwa rangi ya Peru. Akaangalia laptopu, akaangalia simu. Binti akaanza kueleza kwamba simu hutunza nakala ya ukurasa wa zamani ili isimalize bando, sasa simu ya babu bado ina ule wa Alhamisi, akiupakia upya utaondoka. Mzee akamnyooshea mkono wa kumnyamazisha, taratibu, bila hasira. Akasema hapakii kitu. Akasema hiyo aliyonayo ndiyo maandishi yangu ya Alhamisi, na hii niliyonayo ni maandishi yangu baada ya kuona nimeshikwa, na kwamba wao wazee wanataka kujua ni yapi kati ya hayo mawili niliyakusudia. Kisha akaniuliza kwa nini, kama nilitubu jana usiku, sikwenda kumwambia mtu.

Jamani. Miezi mitatu nimesubiri mtu aniulize swali kama hilo. Nilihisi damu inatembea mpaka kwenye vidole. Nikavuta kiti changu karibu na chake, nikamwambia mzee, hapo umesema mambo matatu tofauti, tuanze na la kwanza. Akavua koti.

Hatukumaliza. Tumeahirisha mpaka Jumatano saa kumi jioni, chini ya mwarobaini wa jirani, na yeye anakuja na wenzake wawili. Simu yake ameizima intaneti ili kielelezo kisije kikajibadilisha. Mama watoto atapika makande. Mpwa wangu anachapa utetezi wangu, na hadi sasa umefika kurasa tatu. Nimemwambia apunguze herufi zibaki mbili, pale stendi wanatoza kwa ukurasa.